Maswali ya Wasomaji: Bakteria kwenye Maonyesho ya Sayansi

Maandalizi ya maonyesho ya sayansi ya shule yametuletea maswali mengi kuhusu bakteria mwezi huu. Tumechagua yanayogusa shule nyingi. Pale barua kadhaa zilipouliza jambo moja, tumezijibu kwa pamoja.

SWALI: Shikamooni. Mimi na mwenzangu tuko kidato cha tatu, Morogoro. Tulitaka kuonyesha kwamba sabuni inaondoa bakteria mikononi. Tuligusisha vidole kwenye visahani viwili vya agari (jeli ya kuoteshea bakteria), kimoja kabla ya kunawa na kingine baada ya kunawa. Kile cha baada ya kunawa kimeota koloni nyingi zaidi (vidoa vya bakteria vinavyoonekana kwa macho). Mwalimu anasema tulichanganya lebo. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba. Huenda lebo zenu ziko sawa kabisa. Matokeo haya yanawapata wanafunzi wengi, na yana sababu zake.

Ngozi ina bakteria wa aina mbili: wapita njia, tunaowaokota kwenye vitasa, fedha na udongo, na wenyeji, wanaoishi ndani ya mikunjo ya ngozi na kwenye vinyweleo. Sabuni huwaondoa zaidi wapita njia. Wenyeji hubaki, na kusugua huwapandisha juu pamoja na vipande vidogo vya ngozi iliyokufa. Kidole kibichi pia huachia bakteria wengi zaidi kuliko kikavu. Ongeza taulo linalotumiwa na darasa zima, au kipande cha sabuni kilicholala kwenye maji machafu, na utapata mkono ulionawiwa unaoonekana mchafu kuliko ulivyokuwa. Agari haitofautishi mgeni na mwenyeji. Inaotesha yeyote anayeweza kula pale.

Kuna tatizo la pili, nalo ndilo majaji watakaloligundua kwanza: visahani viwili havitoshi kuthibitisha chochote. Rudieni hivi. Tafuteni wanafunzi sita. Kila mmoja apewe kisahani kimoja, mpige mstari kwa kalamu ya wino usiofutika chini yake (si kwenye kifuniko, kwa sababu kifuniko huzunguka) ili kupata nusu mbili. Wanafunzi watatu wagusishe vidole vya mkono wa kushoto kabla ya kunawa na vya kulia baada ya kunawa; watatu waliobaki wafanye kinyume. Kwa njia hiyo hakuna atakayewaambia kwamba mkono wa kulia ndio mchafu siku zote. Ongezeni visahani viwili visivyoguswa na mtu. Vikiota kitu, agari yenu ilikuwa na bakteria tangu mwanzo na matokeo yote hayana maana. Visahani vinane vyenye mililita 18 kila kimoja vinahitaji mililita 150 za agari hivi, yaani gramu 4.2 za unga wa nutrient agar (agari yenye chakula cha bakteria ndani yake) unaochanganywa kwa gramu 28 kwa lita. Someni lebo ya kopo, maana vipimo hutofautiana kidogo.

Maji ya kunawia yamiminwe kutoka kwenye jagi, yawe yamechemshwa na kupoa. Sugueni kwa sekunde 20 au zaidi, kisha kausheni kwa karatasi mpya mpaka kidole kikauke kabisa. Gusisheni ncha za vidole vitatu kwa sekunde 5 bila kukandamiza. Agari ikipasuka, koloni huungana na hazihesabiki.

Funikeni, bandikeni vipande vinne vifupi vya seloteipu ukingoni, kisha geuzeni kisahani kifuniko kiwe chini ili matone ya mvuke yasidondokee koloni. Msizungushe seloteipu kuzunguka kisahani chote wakati wa kuotesha. Hewa ikikosekana mnawapa nafasi bakteria wasiopenda oksijeni, na baadhi yao ni wa hatari. Morogoro hamhitaji inkubeta (mashine ya kuoteshea inayotunza joto): kabati lenye nyuzi 25 hadi 30 linatosha kwa saa 24 hadi 48. Msifikishe nyuzi 37, maana hilo ni joto la mwili wa binadamu, na huko ndiko vimelea vya magonjwa hustawi. Mkiona koloni, zungusheni seloteipu pande zote, hesabuni kupitia chini ya kisahani huku mkiweka nukta ya kalamu kwenye kila koloni, na msifungue kifuniko hata kidogo.

Kama lengo lenu hasa ni kupima sabuni inaondoa kiasi gani cha kile kilichowekwa mkononi, kuna njia safi zaidi. Yeyusheni gramu 1 ya hamira ya mkate kwenye mililita 100 za maji ya vuguvugu, pakeni vidole, acheni vikauke, kisha linganisheni kabla na baada ya kunawa. Hamira ni kuvu, si bakteria, lakini ni salama, koloni zake nyeupe zinatambulika, na mnajua ilitoka wapi. Andikeni wazi kwenye bango kwamba mmeitumia kama mbadala.

SWALI: Tulifuata maelekezo ya intaneti, tukatumia jelatini ya kupikia badala ya agari. Ndani ya siku moja imekuwa uji. Tuko Tanga. Na je, mwani unaolimwa Zanzibar hauwezi kutoa agari?

JIBU: Jelatini huyeyuka kabla ya nyuzi 30, na Tanga wakati wa joto chumba chenyewe kinaweza kufika hapo. Zaidi ya hayo, jelatini ni protini, na bakteria wengine huimeng'enya na kuigeuza maji hata kwenye baridi. Tatizo hilohilo liliisumbua maabara ya mtafiti wa bakteria Robert Koch huko Berlin, mpaka Fanny Hesse, aliyemsaidia mumewe Walther kwenye utafiti, alipopendekeza agari aliyoijua jikoni. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Agari huyeyuka karibu na nyuzi 85 lakini ikishaganda hubaki imara mpaka uifikishe tena huko, na ni bakteria wachache sana wanaoweza kuila.

Mwani unaolimwa Zanzibar, ule wanaouita spinosum na cottonii, hutoa karajini, si agari. Karajini hugandisha pia, lakini jeli ya spinosum ni laini mno kwa kuchora mistari ya bakteria juu yake. Kulinganisha jeli hizo mbili kungekuwa mradi mzuri peke yake, ila msiifanye karajini msingi wa mradi mwingine.

Agari ya unga inayouzwa kwa wapishi wa keki inafaa. Haina chakula ndani yake, hivyo chemsheni gramu 100 za nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, iliyosagwa, kwenye mililita 500 za maji kwa nusu saa kwa moto mdogo. Chujeni, ongezeni maji mpaka yarudi mililita 500, wekeni nusu kijiko cha chai cha chumvi na gramu 7.5 za agari. Pimeni kwa karatasi ya pH. Supu huwa na asidi kidogo, na agari ikipikwa kwenye asidi hupoteza nguvu ya kuganda. Ongezeni chembechembe za baking soda mpaka ifike 7. Msitumie vidonge vya supu vya dukani. Sehemu kubwa yake ni chumvi, na bakteria wengi hawataota.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule moja ya Nakuru. Tunachemsha agari kwa saa nzima lakini visahani visivyopandwa kitu vinaota koloni pana, nyeupe, zenye kingo zilizochakaa. Tunakosea wapi?

JIBU: Mwalimu, hizo zinafanana na koloni za Bacillus au jamaa zake. Bakteria hawa hutengeneza spora (kama mbegu ngumu za kujihami) zinazostahimili nyuzi 100, na kwenu hata nyuzi 100 hamzifikii. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 94. Mnaweza kuchemsha kutwa na spora zikabaki hai.

Tumieni sufuria ya presha. Kwenye usawa wa bahari, presha ya paundi 15 hutoa nyuzi 121, na dakika 15 hadi 20 zinatosha. Kwenye mwinuko wenu presha hiyohiyo hutoa kama nyuzi 118, kwa hiyo pikeni dakika 30. Chupa zijazwe chini ya theluthi mbili na vifuniko vilegezwe. Acheni mvuke utoke kwa nguvu dakika 5 hadi 10 kabla ya kuweka kizito juu ya tundu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: hewa ikibaki ndani, presha inapanda lakini joto halipandi ipasavyo. Mkimaliza, zimeni moto na ngojeni ipoe yenyewe. Ukiondoa kizito kwa haraka, agari hufurika nje ya chupa.

Kama sufuria ya presha haipatikani, ipo njia ya John Tyndall ya mwaka 1877. Iwekeni agari kwenye mvuke wa maji yanayochemka dakika 30, iacheni kwenye joto la chumba mpaka kesho, rudieni, na siku ya tatu rudieni tena. Spora zilizonusurika siku ya kwanza huchipua usiku, na zikishachipua hazistahimili tena mvuke. Njia hii inahitaji chakula ambacho spora zinaweza kuchipua ndani yake. Kwa supu na agari inafanya kazi. Kwa maji matupu haifanyi.

Jambo la mwisho ni kumimina. Subirini chupa ipoe mpaka uweze kuishika mkononi bila kuungua, karibu nyuzi 50. Ikimiminwa ikiwa moto zaidi, vifuniko hujaa matone. Mimineni karibu na moto wa taa ya spiriti, huku mkiinua kifuniko upande mmoja tu, na feni izimwe.

SWALI: Naomba ushauri. Nataka kulinganisha majani ya mpera, mwarobaini na vidonge vya amoksilini dhidi ya E. coli (bakteria wa utumbo) niliyoitoa kwenye maji ya mfereji wa mtaani. Niko kidato cha tano, Dar es Salaam.

JIBU: Wazo la mimea ni zuri. Mambo mawili tunakuomba uyaache.

La kwanza, E. coli ya mferejini. Haiji peke yake. Maji hayo yanaweza kuwa na vimelea vya kuhara, vya homa ya matumbo na vingine, na ukivipa agari unavizidisha mara mamilioni. La pili, amoksilini. Kuweka dozi hafifu ya antibiotiki mbele ya bakteria usiowajua ni kuwachagua walio sugu na kuwapa nafasi ya kuzaliana, na usugu wa vimelea dhidi ya dawa ni mzigo ambao hospitali zetu tayari zinaubeba. Kanuni za Regeneron ISEF, mashindano ya kimataifa ambayo washindi wa nchi nyingi hupelekwa, zina masharti makali juu ya yote mawili, na zinakataza kabisa kuotesha vijidudu nyumbani. Mradi unaovunja kanuni hizo unaweza kuondolewa kabla jaji hajasoma bango.

Mwombe mwalimu wako aandikie idara ya mikrobiolojia ya chuo kilicho karibu, aombe bakteria wa kufundishia: Bacillus subtilis, Micrococcus luteus au E. coli K-12. Wakikosekana, tumia hamira. Kazi ifanyike maabara ya shule, mwalimu akiwepo.

Dondoo lako litengeneze hivi: gramu 10 za majani yaliyokaushwa kivulini na kusagwa, mililita 100 za spiriti ya asilimia 70, saa 24 kwenye chupa iliyofungwa, kisha chuja. Fanya lingine kwa maji. Visahani vya kipimo hiki viwe na mililita 25 za agari kila kimoja, ili unene uwe milimita 4. Wanafunzi wengi humimina kwa kukisia. Agari ikiwa nyembamba dawa husambaa pembeni zaidi na duara tupu (sehemu isiyoota bakteria kuzunguka dawa) hupanuka, na wao hudhani ni nguvu ya mmea.

Vidude vya karatasi vya kubebea dondoo vitoboe kwenye karatasi ya kuchujia kwa mashine ya kutoboa karatasi ya ofisini. Vinatoka na kipenyo cha kama milimita 6. Vifunge kwenye foili, vipitishe sufuria ya presha, vikaushe. Kupima ujazo mdogo bila mikropipeti, mwalimu atumie bomba la sindano la insulini lenye alama 100 kwa mililita: alama moja ni mikrolita 10. Weka alama mbili za dondoo kwenye kila kidude na uache kikauke kabisa, kwa sababu spiriti yenyewe huua bakteria. Ndiyo maana unahitaji kidude chenye spiriti tupu iliyokaushwa vilevile. Kisipokuwepo, huna jibu la swali la kwanza la jaji.

Sambaza alama 10 za bakteria waliokua kwenye supu (mikrolita 100) juu ya agari, subiri dakika 15 ifyonze, kisha weka vidude vinne, kila kimoja angalau milimita 24 kutoka kwa mwenzake, katikati hadi katikati. Rudia kwenye visahani vitano. Baada ya saa 24 pima kipenyo cha duara tupu kwa rula, kutokea chini, ukijumlisha kidude.

Sasa tahadhari ya kutafsiri. Duara kubwa halimaanishi mmea wenye nguvu zaidi. Kiungo kinachoyeyuka kwenye maji hutembea mbali ndani ya agari; chenye mafuta hukaa palepale hata kama ni kikali. Badala ya kuuliza mpera au mwarobaini ni upi bora, chukua mmoja na uuzimue: dondoo lote, nusu, robo, sehemu moja ya nane. Chora grafu ya kipenyo dhidi ya mkolezo. Hilo ni swali dogo lenye jibu la kuaminika. Na usiandike popote kwamba mmea huo unatibu. Kuzuia bakteria kwenye kisahani hakuelezi kitakachotokea tumboni mwa mtu.

SWALI: Shule yetu iko kijijini, wilaya ya Kilosa. Hatuna agari, hatuna visahani, umeme unakatika. Je, tuache bakteria tufanye mradi wa fizikia?

JIBU: Msiache. Kuna kipimo kinachohitaji mirija ya majaribio, maziwa na rangi ya bluu ya methilini, ambayo maabara nyingi za shule huwa nayo kwa ajili ya hadubini. Kilitumiwa kwa miaka mingi kupanga madaraja ya maziwa kwenye viwanda. Bakteria wakipumua hutumia oksijeni iliyo kwenye maziwa. Ikiisha, rangi ya bluu hupotea. Bakteria wakiwa wengi, hupotea mapema.

Pimeni gramu 0.5 za rangi kwenye mililita 100 za maji yaliyochemshwa, kisha chukueni mililita 10 za hapo mziongezee maji mpaka lita 1. Wekeni mililita 10 za maziwa kwenye kila mrija uliochemshwa, ongezeni mililita 1 ya rangi, zibeni, pindueni polepole mara tatu. Isimamisheni mirija kwenye ndoo ya maji ya nyuzi 37 iliyofunikwa blanketi, mbali na mwanga, maana jua hufuta rangi bila msaada wa bakteria. Hapa nyuzi 37 haina shida kwa sababu mirija imezibwa na hakuna anayetenga koloni. Angalieni kila nusu saa, na ongezeni maji ya moto joto likishuka.

Msitikise mirija. Mtaona rangi ya bluu ikififia kuanzia chini, huku utepe mwembamba wa bluu ukibaki juu pale maziwa yanapogusana na hewa. Utepe huo ni wa kawaida. Ukitikisa, oksijeni huingia, mrija mzima unarudi bluu na mnaanza upya. Andikeni muda ambapo sehemu nne kati ya tano za maziwa zimekuwa nyeupe. Kwa madaraja ya zamani, chini ya saa 2 ni maziwa mabaya, saa 2 hadi 6 ni ya wastani, 6 hadi 8 ni mazuri, zaidi ya 8 ni bora.

Mrija mmoja uwe na maziwa yaliyochemshwa muda huohuo, nao ubaki bluu. Mwingine uwe na maziwa bila rangi, wa kulinganishia macho. Tumieni maziwa ya pakiti yanayouzwa kwenye friji. Yale ya boksi yanayokaa miezi rafuni hayana bakteria walio hai, hivyo hayatabadilika. Maziwa mabichi yasiyochemshwa tunayakwepa, kwa sababu yanaweza kubeba vimelea vya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe.

Swali la mradi liwe la kwenu. Mfano: maziwa yaliyokaa saa 6 ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi yanalinganaje na yaliyokaa saa 6 mezani? Mirija mitatu kwa kila hali. Mkimaliza, chemsheni mirija yote kabla ya kuiosha.

SWALI: Koloni zetu ni nyekundu kama damu. Rafiki yangu anasema ni E. coli.

JIBU: Rangi haitoshi kutaja jina. Serratia marcescens hutoa nyekundu ya namna hiyo, na baadhi ya hamira za porini hutoa waridi. E. coli kwenye nutrient agar huwa na rangi ya maziwa au kijivu. Andika unachokiona: kipenyo kwa milimita, ukingo laini au uliochakaa, imeinuka au imelala, inang'aa au imefifia. Yenye manyoya ni ukungu. Kisahani kibaki kimefungwa.

SWALI: Tukimaliza, visahani tunavitupa wapi? Na tunaweza kuvibeba kwenye maonyesho?

JIBU: Visitupwe jalalani vikiwa hai. Kama vinaingia kwenye sufuria ya presha, vifungeni ndani ya mfuko na kuviweka kwenye bakuli la bati, dakika 30. Visahani vya plastiki vitayeyuka na kujikunja, ndiyo sababu ya bakuli. Vinginevyo tumieni dawa ya klorini ya kufulia. Ikiwa lebo inasema asilimia 3.5, changanyeni sehemu 1 ya dawa na sehemu 6 za maji, mpate asilimia 0.5. Mwalimu, akiwa amevaa glavu, afungulie visahani ndani ya ndoo ya mchanganyiko huo ili vizame pande zote bila kuacha mapovu ya hewa, vilale usiku kucha. Agari hula klorini, hivyo wekeni mchanganyiko mwingi, na tumieni chupa mpya, maana iliyofunguliwa zamani au kukaa juani imeshapungua nguvu. Klorini isikutane na siki, asidi ya kusafishia choo wala amonia. Gesi inayotoka huumiza mapafu. Wala msipike kwenye sufuria ya presha kitu kilicholowekwa klorini.

Kwenye maonyesho msibebe visahani. ISEF hairuhusu viumbe hai mezani, na hata pale kanuni za mashindano yenu ziko kimya, kifuniko kinachofunguka kwenye daladala ni hatari isiyo na sababu. Pigeni picha juu ya kitambaa cheusi, rula ikiwa pembeni na lebo ikisomeka, mwanga ukitoka ubavuni ili usiakisi kwenye kifuniko. Picha zipigwe kabla ya klorini, kwa sababu koloni zikishaloweka hupauka na kung'oka.